Ua la sebuleni limemvimbisha mtoto ulimi, kumbe ni ndugu yake gimbi

#1 MamaZuu (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nimelazimika kuandika. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuja na mwanawe wa mwaka mmoja na miezi minane, umri ule ambao kila kitu lazima kipite mdomoni. Sisi tuko uani tunachambua mchicha, mtoto yuko sebuleni anachezea makopo, tunamwona kupitia mlangoni. Mara ukelele. Si kilio cha kuanguka, ni cha mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Nafika, nakuta ameshika kipande cha jani, udenda unamchuruzika mpaka kifuani, anajikwangua ulimi kwa vidole. Hazikupita dakika nyingi mdomo wa chini ukawa umevimba na sauti imeanza kukwaruza.

Jani lenyewe ni la lile ua la majani mapana yenye madoadoa meupe katikati, shina lake nene kama muwa. Wengi mnalo. Nililinunua mwaka juzi kando ya barabara kwa elfu kumi na tano. Nilipouliza jina, kijana akanijibu, "Hilo dada ni ua la ofisini, halitaki jua." Nikalipa, nikaondoka nimeridhika kabisa.

Sasa njooni muone mahakama ya majirani. Wa kwanza kaja na pakiti ya maziwa. Wa pili anataka mtoto atiwe kidole kooni atapike. Wa tatu, mzee wa watu na nia yake njema, anaponda mkaa wa jikoni kwenye kikombe. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, akasimama, akajitanda khanga: "Twendeni hospitali, mtabishana njiani."

Tumefika, nesi anauliza, kala nini? Ua. Ua gani? Nikabaki nimeduwaa. Ua la ndani. La ofisini. Nilijisikia mjinga ambaye sijapata kumwona. Ikabidi shemeji apande bodaboda arudi nyumbani, akakate jani, alilete kwenye bahasha ya kaki. Daktari wa zamu, kijana tu, alilitupia jicho mara moja akasema, "Dieffenbachia. Afadhali." Hilo neno "afadhali" ndilo lililonirudishia pumzi.

Walimfuta mdomo vizuri, wakampa maji baridi kidogo kidogo, dawa ya maumivu, halafu tukakaa mpaka magharibi wakiangalia koo lisije likavimba. Halikuvimba. Usiku alikunywa uji uliopoa, siku ya tatu ulimi ukarudi kawaida yake na akaanza tena kutafuna rimoti.

Nilimuuliza daktari, hiyo ni sumu gani? Akaniuliza, umewahi kumenya magimbi mabichi? Nikamwambia ndiyo, na mikono iliwasha mpaka nikaipaka mafuta. Akasema ni kitu kilekile. Ndani ya jani kuna fuwele za oksaleti ya kalsiamu, kila moja ni kijisindano chenye ncha, zimefungwa kwa mafungu kama vijiti vya kiberiti. Ukitafuna, zinafyatuka na kuchoma ulimi na fizi. Gimbi tunalipika muda mrefu ndiyo maana linalika. Sebuleni hakuna anayepika ua. Akaniambia hata jina lake la Kiingereza maana yake ni muwa wa bubu, kwa sababu aliyeutafuna anaweza kukosa sauti kwa muda.

Nina vyungu kumi na moja ndani. Jina nalijua la kimoja, nalo nimeuziwa ghali. Mwenye kujua haya mambo aje atufundishe. Na wenye paka na mbwa pia, maana nyumba ya pili kutoka kwangu kuna paka wanne.

#2 kizibo_cha_mtungi

Pole sana dada. Mimi ninayo matatu hayo, moja liko juu ya friji, mawili mlangoni. Naenda kuyatazama kwa jicho jingine. Naweka kambi hapa, ngoja waje wataalamu.

#3 Mkulima_wa_Vyungu (Muheza)

Mleta uzi, huyo daktari apewe maua yake (yasiyo na sumu). Nimeuza miche miaka kumi na mbili na mfano wa gimbi sikuwahi kuufikiria, kuanzia leo nauiba.

Ni ndugu wa damu kweli. Ukoo wao ni Araceae. Gimbi yumo. Dieffenbachia yumo. Wamo pia Monstera lenye majani yaliyotoboka, Philodendron, Epipremnum ile inayotambaa ukutani ambayo wauzaji wanaidai inaleta pesa, Caladium ya majani mekundu, Alocasia, Aglaonema, Anthurium, Syngonium na Spathiphyllum yenye ua jeupe kama kijiko. Wote wana visindano hivyo, wanazidiana ukali. Kwa hiyo mleta uzi, ukihesabu vyungu vyako kumi na moja utashangaa vingapi ni gimbi aliyevaa suti.

Dalili ndizo hizo ulizoona: moto mdomoni papo hapo, udenda, uvimbe. Kwa kuwa unauma tangu unapotafunwa, ni nadra mtoto kumeza mwingi. Hatari kubwa ni koo kuvimba likabana hewa.

Halafu kuna Zamioculcas, lile la majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, chini lina viazi. Miaka fulani ulienea uvumi mtandaoni kwamba kulishika kunaleta saratani. Hakuna ushahidi wowote wa hilo. Naye ni wa ukoo uleule, utomvu wake unaweza kuwasha ngozi na akitafunwa anachoma, basi. Kinachonichekesha ni kwamba huyu ni mwenyeji wa kwetu kabisa, anaota porini kuanzia Kenya, Tanzania na Zanzibar mpaka Afrika Kusini. Waholanzi walianza kumzalisha kwa wingi miaka ya 1990, akazunguka dunia, sasa anarudi Dar ndani ya chungu cheupe na bei ya mgeni.

Wasiwasi wangu mimi hauko kwa ukoo wa gimbi. Gimbi linapiga kelele, unajua mara moja kwamba umeumizwa. Naogopa yale yanayonyamaza. Oleander, ule mti wa maua ya waridi na meupe unaopandwa kwenye mageti, na binamu yake Thevetia wa maua ya njano kama kengele, ambao mbegu zake ngumu watoto huchezea kama gololi. Hawa sumu yao inakwenda kwenye moyo. Mtu anaanza kwa kutapika, mnadhani ni chakula, kumbe mapigo yanaanza kwenda ovyo. Mti wote una sumu, na majani yakikauka bado inabaki. Hata moshi wake si wa kuvuta, msichome matawi yake. Adenium, lile ua la jangwani lenye shina lililovimba kama chupa, linalotamba sasa kwenye vibaraza, ni wa ukoo huohuo, na utomvu wake wawindaji wa Afrika walipaka kwenye mishale. Wewe umeuweka pembeni ya kitanda cha mtoto kwa sababu picha ilipendeza.

#4 Wambui_wa_Nakuru

Poleni Tanzania. Sisi huku tunaziita nduma, na ni kweli, ukimenya bila kupaka mafuta mikono utajikuna hadi jioni.

Mimi yangu ni ya paka. Mwaka jana wakati wa bathidei ya mamangu tulimletea shada la maua, ndani yalikuwemo yale mayungiyungi makubwa meupe yenye harufu, na vile vikonyo vya unga wa rangi ya chungwa katikati. Paka wetu alijisugua hapo, unga ukamshika mgongoni, nasi tukamcheka na kumpiga picha. Akajilamba akawa safi. Usiku akatapika mara mbili. Asubuhi alionekana ako sawa, tukasema ni nywele tu. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Daktari wa mifugo alituambia figo zimekufa. Mamangu hadi leo hataki maua ya kukatwa kwa nyumba.

#5 Daktari_wa_Mbuzi

Wambui, pole sana dada. Umeeleza ugonjwa huo vizuri kuliko kitabu, hasa lile la kuonekana ako sawa asubuhi. Ndipo watu wengi wanapompoteza paka wao.

Mimi ni daktari wa mifugo, mbuzi na ng'ombe ndio wateja wangu, ila mjini siku hizi paka na mbwa wananilipia pango. Yungiyungi la kweli, yaani Lilium, pamoja na Hemerocallis anayefanana naye, ni sumu ya figo kwa paka. Jani, ua, unga wake, hata maji ya kwenye chombo cha maua. Mbwa akila atatapika tu yaishe. Paka anakufa. Dawa ya kuizima haipo, tunachofanya ni kumtundikia maji ya mshipa mapema. Akifika ndani ya saa 18 tangu ale, matumaini ni makubwa. Akija baada ya siku mbili, mara nyingi tunakuwa tunamsindikiza. Kwa hiyo usingoje atapike mara ya pili. Na ukiona unga umemshika manyoya, muoshe kabla hajajilamba, halafu mlete.

Msichanganye na Spathiphyllum aliyemtaja Mkulima. Kiingereza kinampa naye jina la yungiyungi, watu wanasoma mtandaoni wanachanganyikiwa. Huyo ni gimbi. Atamchoma paka mdomo, hatamuua figo.

Kwa mbwa, ninayemwogopa ni Cycas. Anaonekana kama kamti kadogo ka mnazi, kafupi, majani magumu ya kuchoma, na mbegu zake ni nyekundu za kuvutia. Wauzaji wanaita "palm" kila kitu chenye majani ya mnazi, hivyo unaweza kununua Cycas ukidhani ni Areca, ambayo haina shida kabisa. Mbegu moja au mbili za Cycas zinaweza kuua mbwa kwa kuharibu ini. Nimepata mmoja aliyepona. Mmoja.

Na Wachaga wenzangu msinipige mawe. Isale letu, lile tunalopanda mpakani na kumpelekea mtu tunapoomba msamaha, ni Dracaena. Siku hizi liko sebuleni kwa kila mtu, hata asiyejua Kibosho iko wapi. Paka na mbwa wakilitafuna wanatapika, udenda, wengine wanakosa hamu ya kula, na paka mboni za macho hutanuka. Haliui kirahisi, ila usilipuuze. Ile ya majani yaliyosimama wima kama mapanga, inayofanana na mkonge, tabia yake ndiyo hiyohiyo. Mshubiri pia unaharisha mbwa, pamoja na kwamba sisi tunaunywa kama dawa.

#6 Babu_Kijiweni (Singida)

Mmezidi uoga. Sisi tumekulia ndani ya wigo wa minyaa, tunaikata kwa panga, tunachezea utomvu tunabandika nao karatasi. Hakufa mtu. Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai.

#7 Jicho_Moja_Si_Langu

@Babu_Kijiweni shikamoo mzee. Hilo jina langu la humu unadhani limetoka wapi? Nilikuwa darasa la tatu, nimekata mnyaa, ukaniruka jichoni. Nilipiga kelele mpaka wenzangu wakakimbia. Bibi yangu, Mungu amrehemu, akamwita mama jirani aliyekuwa ananyonyesha anikamulie maziwa jichoni. Nilipelekwa zahanati kesho yake. Siku nne sioni kitu, na jicho la kushoto halijawahi kurudi sawasawa.

Hakufa mtu, kweli mzee.

#8 Babu_Kijiweni (Singida)

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Nafuta kauli, nabaki kwenye minyaa tu, hayo ya ndani sina.

#9 Nesi_wa_Zamu

Nimesoma yote, sasa nikae kwenye kazi yangu kidogo.

Jicho: maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, mtoto alie asilie, kisha hospitali siku hiyohiyo. Maziwa ya mama yabaki kwa mtoto anayenyonya. Tunayaona haya kila mwaka na yanaingiza vijidudu kwenye jicho ambalo tayari limeungua.

Mdomo, kwa hawa wa ukoo wa gimbi: toa vipande kwa kitambaa chenye maji, suuza, mpe kitu cha baridi. Na hapa yule jirani wa kwanza wa mleta uzi hakukosea. Maziwa baridi au mtindi vinapoza kweli. Tatizo letu Waswahili ni kwamba tumeyageuza maziwa kuwa dawa ya sumu zote. Kala sumu ya panya, maziwa. Kanywa mafuta ya taa, maziwa. Kwa aliyekula Oleander maziwa hayafanyi kitu chochote, yanakula muda tu, na muda ndio anaouhitaji. Na mtoto aliyelegea au anayehema kwa shida asipewe chochote mdomoni, hata maji.

Kidole kooni hapana. Visindano vilivyoshuka unavipandisha vichome tena, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Maji ya chumvi hapana kabisa, chumvi nyingi peke yake inaweza kumuua mtoto mdogo. Mkaa wa jikoni si ule wa hospitali, tunaotoa sisi umetengenezwa maalumu, na hatumpi kila mtu.

Halafu lile alilofanya shemeji, kwangu ndiyo habari yote ya uzi huu. Leteni jani. Kama mna simu, pigeni picha ya mti mzima, shina na maua. Nimekaa zamu usiku na mama aliyesema "kala ua" na sote tukabaki tunamtazama mtoto tusijue tuangalie koo, moyo au figo. Kwa Kiswahili chetu kila kilichomo kwenye chungu ni ua, hata kisichochanua miaka kumi.

#10 Bint_Mkunazini (Muscat)

Assalaam alaykum. Sisi kwetu Unguja twasema majimbi, na ati hakuna aliyewahi kuniambia kuwa yana ndugu sebuleni.

Hilo la Oleander nalijua vizuri. Huku Omani linaota lenyewe kwenye mabonde ya mito, kando ya maji kabisa, maua ya waridi, uzuri wake usiseme. Waarabu waliita difla. Wazee wa huku wanakwambia tazama mbuzi: wanapita hapo na njaa zao na hawaligusi. Balaa ni pale mtu anapopunguza matawi bustanini akayamwaga nje, yakanyauka. Jirani yetu mmoja alipoteza mbuzi wawili kwa hivyo. Abu Dhabi wao mwaka 2024 walipiga marufuku kabisa kulipanda na kuliuza.

Na jengine, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, tulizokuwa tukizitunga shanga utotoni. Msizipe watoto. Nzima ina ganda gumu, aghalabu inapita tu tumboni. Iliyotobolewa au kutafunwa ndiyo hatari, na za shanga zote zimetobolewa! Mwaka 2011 Uingereza bustani ya Eden Project ilibidi irudishe bangili ilizouza zilizotengenezwa kwa mbegu hizo.

#11 kizibo_cha_mtungi

Kwa hiyo tuseme ukweli tu, ndani tuweke nini? Ya plastiki? Na lile ua jekundu la Krismasi mke wangu kalipanda mlangoni, niling'oe leo usiku?

#12 Mkulima_wa_Vyungu (Muheza)

Usimng'olee mama maua usiku, utatuletea uzi mwingine.

Hilo la Krismasi (poinsettia) limeonewa. Utomvu wake unawasha ngozi na tumbo linaweza kuchafuka, lakini sifa ya kuua ni hadithi ya zamani. Marekani walipitia taarifa 22,793 za watu waliogusa au kula mmea huo zilizofika kwenye vituo vyao vya sumu, hakufa hata mmoja. Liache mlangoni.

Za kuweka ndani bila presha: Chlorophytum, ile ya majani membamba yenye mstari mweupe inayoning'iniza watoto wake. Makangaga (fern) ya kuning'inia. Areca, mradi uwe na hakika si Cycas. Na ninayeipenda kuliko zote ni Saintpaulia, ile ndogo ya majani ya manyoya na maua ya zambarau. Paka akila, hakuna neno. Dunia nzima wanaiweka dirishani, na imetoka hapa juu kwetu, Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliikuta huku, mbegu zikaenda Ujerumani, jina likawa lake. Wajukuu wa mmea huo wako kwenye madirisha ya Ulaya kwa mamilioni, ila wa porini huku msituni wanazidi kupungua. Mimi nauza wa chunguni, msije mkapanda milima ya Amani kuwachimba.

Na yule atakayekuja kusema maua ya ndani yanasafisha hewa kwa hiyo tuvumilie sumu: ule utafiti wa NASA wa 1989 ulifanyika kwenye visanduku vilivyozibwa. Fungua dirisha.

#13 MamaZuu (Dar es Salaam)

Nimerudi wakuu, ahsanteni mno. Nimekaa na simu na vyungu vyangu siku mbili.

Kumi na moja: saba ni ukoo wa gimbi (Mkulima ulijua!). Kimoja isale. Viwili Chlorophytum. Cha mwisho, kilichokuwa kwenye dirisha la chumba cha watoto, ni Adenium. Nilipewa zawadi ya kuhamia. Kimetoka, kiko kwa mama mkwe ambaye hana mtoto wala paka, naye kakiweka juu ya ukuta wa fensi. Ukoo wa gimbi nimeupandisha kwenye rafu ya juu, Dieffenbachia nimelihamishia ofisini kwa mume wangu, angalau sasa ni ua la ofisini kweli. Kila chungu nimekibandika jina kwa kalamu ya wino mzito. Yule jirani mwenye paka wanne nimemtumia post ya Wambui, akanijibu ana mayungiyungi mezani, kayatoa.

Jana nilipita kwa yule kijana wa kando ya barabara. Sikumgombeza, naye hakufundishwa na mtu. Nilimweleza tu, nikamwandikia jina kwenye boksi. Akalisoma mara tatu, akashindwa kulitamka, akacheka. Leo asubuhi nimepita na daladala, nikamsikia anamwambia mteja, "Hili mama ni gimbi la sebuleni, lisiliwe, lina sindano." Bei imepanda, elfu ishirini.